Sindano Kavu na Mazoezi Tiba kwa Maumivu Sugu ya Misuli ya Shingo: Somo kutoka Lagangabilili

Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Huu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na sehemu kubwa ya kazi ya zao hilo ingali ikifanywa kwa mwili wa binadamu: mgongo wakati wa kupalilia, vidole wakati wa kuvuna, na kichwa wakati wa kubeba. Kichwa hichohicho hubeba pia ndoo ya maji asubuhi na mzigo wa kuni jioni.

Chukulia, kwa ajili ya kujifunza, mama wa miaka 43 anayefika katika kituo cha afya mwezi Agosti, baada ya mavuno. Shingo imemuuma tangu msimu uliopita. Maumivu huanzia baina ya shingo na bega la kulia, hupanda nyuma ya sikio na kutua kwenye paji la uso. Mara tatu amepewa diklofenaki. Mara moja ametibiwa malaria kwa sababu ya kichwa kuuma. Alipigwa picha ya eksirei mjini akaambiwa kwamba pingili zake "zimesagika", na tangu siku hiyo anaogopa kugeuza shingo asije akapooza. Ndugu yake amemweleza kwamba ipo sindano inayochomwa kwenye msuli wenyewe na maumivu yakaisha palepale. Amekuja kuiomba.

Ombi hilo linastahili jibu la kitaalamu na la ukweli. Sindano ipo, na ina faida. Hata hivyo, faida yake ni ya muda mfupi zaidi kuliko inavyosifiwa, hatari yake ni kubwa zaidi kuliko inavyodhaniwa, na sehemu ya tiba inayodumu haitegemei sindano hata kidogo. Hiyo sehemu inaweza kuanzishwa Lagangabilili siku ileile mgonjwa anapofika.

Mzigo juu ya shingo

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Misuli ya shingo imeumbwa kukibeba siku nzima bila kuchoka, mradi kikae wima juu ya mabega. Kichwa kinapoinamishwa mbele kwa saa nyingi, kama afanyavyo mpaliliaji, fundi cherehani au mwanafunzi aliyeinamia simu, misuli ya kisogoni hulazimika kukivuta kisianguke. Ndoo ya lita 20 iliyojaa huongeza kilo 20 juu yake.

Mwaka 1986 watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Nature walieleza kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada mwilini. Habari hiyo ilienea sana, na wengi waliichukua kama uthibitisho kwamba mwanamke wa Kiafrika hana haja ya kuhurumiwa. Hesabu ndogo inatosha kuirekebisha. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ni theluthi ya uzito wake. Zaidi ya hayo, nguvu inayotumika kutembea na maumivu yanayobaki shingoni ni mambo mawili tofauti. Utafiti ule ulipima la kwanza tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Afrika Kusini, Ghana na Vietnam, ulikuta kwamba watu waliowahi kubeba maji walikuwa na maumivu zaidi ya mikono na ya sehemu ya juu ya mgongo kuliko wale ambao hawakuwahi.

Duniani kote, inakadiriwa kwamba watu milioni 203 walikuwa wakiishi na maumivu ya shingo mwaka 2020, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Maumivu huitwa sugu yakipita miezi 3.

Misuli inayolaumiwa zaidi ni miwili. Wa kwanza ni ule mpana unaoanzia kisogoni, ukashuka shingoni na kutandaa hadi ncha ya bega. Wataalamu huuita trapezi. Wa pili umejificha chini yake, unaunganisha pingili za juu za shingo na kona ya fupa la bega, na kazi yake ni kulinyanyua fupa hilo. Ndani ya misuli hii kidole kinaweza kukuta ugwe uliokaza kama uzi wa upinde, na juu ya ugwe huo nukta moja yenye uchungu mkali. Hilo ndilo fundo la maumivu. Likibonyezwa, mgonjwa hushtuka, na mara nyingi maumivu huruka hadi mahali pengine: ya trapezi hupanda nyuma ya sikio na kufika kwenye kipaji. Ndiyo sababu mama wa mfano huu alitibiwa malaria.

Chanzo cha fundo hakijakubaliwa na wote. Maelezo yanayofundishwa zaidi ni kwamba mahali ambapo neva inakutana na msuli hutoa kemikali ya kukaza msuli kupita kiasi. Nyuzi hubaki zimejikunja, hubana mishipa midogo ya damu, na eneo hilo hukosa oksijeni. Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichota majimaji kutoka ndani ya mafundo hayo kwa sindano maalumu, wakakuta asidi zaidi na kemikali nyingi za kuamsha maumivu kuliko katika misuli isiyouma. Kwa upande mwingine, wapo wanazuoni wanaosema kwamba fundo lenyewe ni dalili tu ya mfumo wa neva uliochokozwa kwa muda mrefu, na kwamba wapimaji wawili mara nyingi hawakubaliani lilipo. Mhudumu hana haja ya kuamua ugomvi huo. Inatosha ajue kwamba fundo si uvimbe, si mfupa uliovunjika, wala si jambo la kukata.

Kabla ya kulaumu msuli

Katika eneo la wafugaji na wakulima kama Itilima, shingo inayouma ina sababu nyingine ambazo hazivumilii kuchelewa. Homa pamoja na shingo kukakamaa ni homa ya uti wa mgongo hadi ithibitishwe vinginevyo. Maumivu yanayozidi usiku, kupungua uzito, jasho la usiku au kikohozi cha muda mrefu huelekeza kwenye kifua kikuu cha mifupa, hasa kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Homa inayokuja na kuondoka kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi au anayezalisha mifugo iliyotupa mimba ni sababu ya kufikiria brusela. Aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki, mtini au juu ya mkokoteni asikandwe wala kunyooshwa shingo kabla ya kupigwa picha. Mwenye historia ya saratani apelekwe mbele. Maumivu ya shingo, taya na bega la kushoto yanayokuja mtu akitembea na kuondoka akipumzika yanaweza kuwa ya moyo.

Kuna hali moja inayosahaulika: kubanwa kwa uti wa mgongo wenyewe ndani ya shingo. Mgonjwa huenda asilalamikie maumivu sana. Atasema kwamba mikono imekuwa mizito, kwamba anashindwa kufunga vifungo vya shati, kwamba miguu inamyumbisha kama mlevi. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mgonjwa aombwe kukunja na kufungua kiganja kwa haraka. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi katika sekunde 10. Kisha atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa mojawapo, au akiwa na tatizo jipya la kuzuia mkojo au haja kubwa, safari yake ni ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Bugando jijini Mwanza, na asicheleweshwe kwa vidonge.

Na eksirei ya pingili "zilizosagika"? Nchini Japani watu 1,211 wasio na dalili yoyote walipigwa picha za MRI za shingo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asilimia 87.6 kati yao walikuwa na diski zilizotokeza. Hawakuumwa. Mabadiliko ya pingili ni kama mvi: huonyesha umri na kazi, na kwa sehemu kubwa hayaelezi kwa nini mtu anaumwa leo. Neno "zimesagika" likitamkwa ovyo humfanya mgonjwa akaze shingo kwa woga, na shingo iliyokazwa kwa woga huuma zaidi. Mhudumu anayelitamka analazimika kulifafanua kabla mgonjwa hajainuka kitini.

Vidole vya mpimaji

Baada ya hatari hizo kuondolewa, uchunguzi huhamia mikononi. Mgonjwa akae, bega lilegee, mkono upumzike pajani. Mpimaji ashike ukingo wa juu wa trapezi baina ya kidole gumba na vidole viwili, auinue kidogo, auviringishe. Ugwe ukikutwa, afuate urefu wake polepole hadi kwenye nukta kali zaidi, kisha aulize swali moja lenye thamani kuliko picha: "Mama, haya ndiyo maumivu yako yenyewe?" Jibu likiwa ndiyo, utambuzi umekaribia. Jibu likiwa "hapa panauma, lakini siyo yale", fundo hilo halina hatia.

Sindano isiyo na dawa

Wazo la kuchoma fundo lilienezwa na daktari wa Kimarekani Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy. Yeye aliingiza dawa ya ganzi ndani ya fundo. Mwaka 1979 daktari wa Chekoslovakia, Karel Lewit, alichapisha taarifa ya wagonjwa 241 waliochomwa sindano isiyo na dawa yoyote katika sehemu 312 zenye maumivu. Katika asilimia 86.8 ya sehemu hizo maumivu yalitulia papo hapo, pale ncha ilipogusa nukta yenyewe. Ikawa wazi kwamba kazi kubwa inafanywa na ncha ya sindano, na dawa ina mchango mdogo. Lakini taarifa hiyo haikuwa na kundi la kulinganishia, na utulivu wa papo hapo si sawa na kupona. Sehemu zilizobaki bila maumivu moja kwa moja zilikuwa 92.

Sindano yenyewe ni uzi wa chuma usio na tundu, wenye unene wa milimita 0.25 hadi 0.30 na urefu wa milimita 25 hadi 50. Kwa umbo haina tofauti na ile ya tiba ya Kichina, ila mantiki ni nyingine: tiba ya Kichina hufuata njia za nguvu mwilini kwa mujibu wa mapokeo yake, na sindano kavu hufuata msuli uliopapaswa. Ncha ikigonga fundo, msuli huruka ghafla kama samaki aliyeguswa. Mgonjwa ajulishwe mapema, maana mruko huo hushtua. Baada yake msuli hulegea, shingo hugeuka kwa wepesi zaidi, na eneo hubaki na kidonda cha ndani, mithili ya aliyepigwa ngumi, kwa siku 1 au 2.

Ushahidi wa sasa unasemaje? Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na watafiti wa Hispania na kuchapishwa mwaka 2020 yalikuta kwamba sindano kavu hupunguza maumivu ya shingo, mara moja na katika wiki za mwanzo, kuliko sindano ya kuigiza au kutotibiwa. Ilipolinganishwa na tiba nyingine za viungo, kama kubonyeza na kunyoosha kwa mikono, tofauti haikuonekana. Kwa mhudumu wa Lagangabilili hiyo ndiyo sentensi ya kushika. Mgonjwa ambaye hawezi kumfikia mtaalamu wa sindano hajanyimwa tiba. Kidole gumba kilichofundishwa kinafanya kazi inayokaribiana nayo.

Ipo pia imani ambayo haina budi kutazamwa. Kwa wagonjwa wengi nchini, sindano ni tiba yenye nguvu kuliko kidonge, na mhudumu anayeandika mazoezi peke yake huonekana hajatibu. Mgonjwa anayechomwa sindano kavu bila maelezo hurudi nyumbani akiamini kwamba amewekewa dawa, na maumivu yakirejea atadai dozi kubwa zaidi. Kauli ya kuomba ridhaa inaweza kuwa fupi: "Shikamoo mama. Sindano hii haina dawa ndani yake. Inalegeza msuli ili uweze kufanya mazoezi. Bila mazoezi, msuli utakaza tena." Kauli hiyo isemwe kwa Kisukuma ikiwa ndiyo lugha anayoielewa vyema.

Hatari ambayo haionekani mezani

Nchini Ireland wataalamu 39 wa fiziotherapia walirekodi matibabu 7,629 ya sindano kavu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Takriban tiba 1 kati ya 5 ilileta usumbufu mdogo: michubuko ya damu chini ya ngozi, kutokwa na damu kidogo, maumivu wakati wa kuchomwa. Tukio kubwa halikutokea hata moja. Takwimu hizo hutuliza, lakini zinahusu watu waliofunzwa na waliojua anatomia ya eneo wanalochoma.

Ncha ya pafu hupanda juu ya mtulinga. Baina yake na trapezi hakuna mfupa wa kuikinga. Sindano iliyoelekezwa chini au mbele kwa kina kisichopimwa inaweza kutoboa utando wa pafu. Hewa ikavuja, na pafu likanywea. Ndiyo maana trapezi huchomwa ikiwa imeinuliwa baina ya vidole, ncha ikielekezwa mbali na kifua. Jambo baya zaidi kuhusu ajali hii ni kwamba inaweza isionekane mezani. Mgonjwa huinuka, hushukuru, hupanda bodaboda, na saa kadhaa baadaye, akiwa kijijini, kifua huanza kuchoma na pumzi kukatika. Kwa hiyo kila aliyechomwa eneo la shingo, bega au mgongo wa juu aelezwe, pamoja na aliyemsindikiza, kwamba maumivu mapya ya kifua, kikohozi kikavu cha ghafla au kuishiwa pumzi ni sababu ya kurudi hospitalini usiku huohuo. Anayeishi mbali na barabara angefaa kulala karibu na huduma siku hiyo. Pasipowezekana, ni busara zaidi kuacha sindano na kutumia mikono.

Wasiochomwa ni hawa: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, mwenye jipu au maambukizi ya ngozi mahali hapo, asiyeweza kutulia au kutoa ridhaa, na anayeogopa sindano kiasi cha kuzimia. Mjamzito ashughulikiwe kwa mazoezi na kubonyezwa kwa mikono kwanza. Sindano hutumika mara moja kwa mgonjwa mmoja na kutupwa katika kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, kwa kuwa homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI havijali kama sindano ilikuwa na dawa au la.

Linalotia hofu zaidi ni uigaji. Sindano ya kawaida ya kuchoma dawa ina ncha iliyochongwa kwa ajili ya kukata, na ikipekechwa ndani ya msuli hukata kweli. Chale zinazochanjwa shingoni kwa wembe, halafu zikapakwa unga wa dawa, hazifiki kwenye fundo. Hufika kwenye damu, na wembe uliotumika kwa watu wawili ni njia ya maambukizi. Mhudumu aliyeona sindano kavu katika video asiijaribu. Tiba hii ni ya mtaalamu wa fiziotherapia au daktari aliyepata mafunzo yake mahususi baada ya taaluma ya msingi. Shahada au stashahada ya fiziotherapia, kama inayotolewa KCMC mjini Moshi, ni mwanzo wa njia hiyo.

Mikono, mpira wa baiskeli na subira

Kubonyeza fundo ni tiba ambayo tabibu wa zahanati anaweza kuifanya na kuifundisha. Kidole gumba huwekwa juu ya nukta na kukandamiza taratibu hadi mgonjwa aseme kwamba uchungu umefika 5 au 6 kati ya 10. Hapo kidole kinatulia bila kuongeza nguvu, kwa sekunde 30 hadi 60, mgonjwa akipumua polepole. Uchungu ukipungua chini ya kidole, fundo linalegea. Hurudiwa mara 3, kisha sikio la upande mzima huinamishwa kuelekea bega lake ili msuli unaouma unyooke kwa nusu dakika. Nyumbani mume, binti au dada anaweza kuonyeshwa, au mgonjwa akajiegemeza ukutani juu ya mpira mdogo wa matambara ambao watoto huuchezea. Sehemu ya mbele ya shingo, yenye mishipa mikubwa ya damu, haibonyezwi.

Utulivu unaopatikana, uwe wa sindano au wa kidole, ni mlango uliofunguliwa kwa muda mfupi. Mazoezi hupita humo. Ushahidi wake ni imara kuliko wa sindano. Nchini Finland wanawake 180 wafanyao kazi za ofisini, wenye maumivu sugu ya shingo, waligawanywa katika makundi matatu na kufuatiliwa kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika kundi lililofanya mazoezi ya kuongeza nguvu za shingo, asilimia 73 walipata nafuu kubwa au kupona kabisa. Waliofanya mazoezi mepesi ya kustahimili walikuwa asilimia 59. Kundi la kulinganishia liliishia asilimia 21. Kweli, ofisi za Finland si mashamba ya Itilima. Msuli, hata hivyo, hujibu mzigo uliopimwa kwa namna ileile.

Zoezi la kwanza ni dogo kiasi cha kudharauliwa. Mgonjwa hulala chali, nguo iliyokunjwa ikiwa chini ya kisogo, na kuitikia "ndiyo" kwa kichwa polepole, kidevu kikishuka kidogo kuelekea koo bila kichwa kuinuka. Hushikilia sekunde 10 na kupumzika, mara 10, kila siku. Linaamsha misuli ya ndani ya mbele ya shingo, ambayo hulala pale maumivu yanapokaa muda mrefu. Misuli ya juu juu ikikaza kama kamba, zoezi linafanywa kwa nguvu mno.

Zoezi la pili linahitaji ukanda wa mpira. Mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukikatwa kwa urefu, unatosha kabisa. Hufungwa kwenye nguzo usawa wa kifua. Mgonjwa hushika ncha mbili na kuvuta viwiko nyuma, mafupa ya mabega yakikaribiana, mabega yasipande masikioni. Mara 10 hadi 15, duru 3, siku 3 za wiki. Ikiwa duru ya tatu ni rahisi, ukanda hufupishwa. Zoezi la tatu ni kusukumana na kiganja: kiganja kwenye paji, kisha kisogoni, kisha kila upande wa kichwa, kichwa kikisukuma na kiganja kikizuia bila kusogea, sekunde 5 hadi 10.

Wiki mbili za mwanzo misuli inaweza kuuma zaidi baada ya mazoezi. Uchungu unaotulia kufikia kesho yake si madhara. Unaodumu zaidi, au unaoambatana na ganzi ya mkono, unaonyesha kwamba kiwango kimezidi au utambuzi urudiwe. Nguvu za msuli hujengeka baada ya wiki 6 hadi 12, na hapa ndipo wengi huacha, kwa sababu maumivu yalipungua wiki ya tatu wakadhani kazi imekwisha.

Vidonge vina nafasi ndogo. Diklofenaki inayonunuliwa dukani kila wiki kwa mwaka mzima hutoboa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, zaidi kwa mtu anayeshinda juani bila maji ya kutosha. Siku chache wakati wa maumivu makali zinatosha.

Kazi inayorudi kila msimu

Kumwambia mkulima wa pamba apumzike ni kumwambia asile. Shauri linalofuatwa ni lile linalogusa namna ya kazi. Ndoo mbili za lita 10 zinazobebwa kwa mikono, kila upande mmoja, huondoa mzigo juu ya kichwa. Ikibidi kubeba kichwani, ngata ikae katikati ya utosi, uzito usizidi kilo 12 hivi katika miezi ya matibabu, na mzigo uwekwe na kushushwa na mtu wa pili, kwa maana shingo inaweza kuumia pia wakati wa kuunyanyua. Jembe la mpini mrefu hupunguza kuinama. Mpaliliaji asimame wima kwa nusu dakika kila anapomaliza tuta na kurudisha mabega nyuma.

Mikokoteni na baiskeli zimejaa Usukumani. Katika kaya nyingi hubeba pamba kwenda sokoni, na maji ya nyumbani yakaendelea kubebwa na kichwa cha mama. Mhudumu anayemwona mgonjwa akiwa na mumewe ana nafasi ya kulitaja hilo kwa heshima, kama sehemu ya tiba: baba, baiskeli ikipatikana asubuhi, dawa itapungua. Kwa kiwango kikubwa zaidi, mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria mkoani Simiyu, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, Ujerumani na Serikali ya Tanzania, Itilima ikiwemo, kwa kawaida huhesabiwa kama mradi wa maji na kilimo. Kila bomba linalofika karibu na nyumba ni hatua zilizopunguzwa chini ya ndoo, na watakaopima faida zake wangefanya vyema kuuliza pia kuhusu shingo.

Mama wa mfano huu apangiwe kurudi wiki ya 2, ya 6 na ya 12. Kila mara apimwe kwa mambo yaleyale matatu: maumivu kati ya 0 na 10, umbali ambao kidevu kinafika kuelekea kila bega, na kazi moja aliyoitaja mwenyewe siku ya kwanza kwamba imemshinda, kwa mfano kusuka nywele za binti yake. Kazi hiyo iandikwe kwenye daftari lake. Ikiwa wiki ya 6 hakuna badiliko lolote ingawa mazoezi yamefanyika sawasawa, apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na hapo ndipo sindano kavu inapopata mahali pake, mara moja kwa wiki kwa wiki chache, huku mazoezi yakiendelea. Ikiwa amepata nafuu, arudishe mzigo kwa hatua: lita 5 kwa wiki moja, kisha 10, na ukanda wa mpira ubaki kwenye nguzo hadi palizi ya Desemba.